Nilimchora Nguruwe Pori kwenye Kaburi la Babu

Kosa ni langu, na sina wa kumsingizia. Si shetani, si pombe. Ni ujinga wangu tu, tena wa mtu mzima wa miaka arobaini na minne!

Nimezurura sana: Mbeya, Tunduma, machimbo ya Chunya, Mlimba kwenye mpunga. Niliporudi Ifakara sikuwa na mke wala nyumba. Wenzangu wa sekondari wana matrekta, mimi nina begi. Aliyenipokea ni shangazi peke yake, dada mkubwa wa marehemu baba. Sina mwingine duniani.

Siku moja, kwenye sanduku la babu mzaa baba, nikakuta kijiko kizito cha fedha. Kwenye mpini pamechongwa ngao, ndani yake kichwa cha nguruwe pori chenye taji. Nikaingia mtandaoni. Lo! Nembo ya ukoo wa mabwana wakubwa wa Ujerumani! Na babu alizaliwa enzi za Wajerumani. Nikajumlisha mwenyewe: babu ni mtoto wa bwana mkubwa!

Sikumuuliza mtu. Nikabandika "von" ya mabwana wa Kijerumani kwenye jina langu. Kijiweni nikawa nahadithia jinsi "sisi" tulivyopigana juu ya farasi, na jinsi ndugu wawili walivyogawana ngome, ndiyo maana ngao yetu ina rangi mbili. Watu walininunulia kahawa ili niendelee. Nami nikadhani ni heshima!

Mwezi wa kumi na moja ukoo wetu hukutana Michenga kusafisha makaburi. Nikatangulia na makopo ya rangi. Nikaichora ngao nzima kwenye saruji ya kaburi la babu, buluu na dhahabu, na nguruwe wangu meno nje.

Kesho yake mtani wetu mmoja, aliyekuja kusaidia kufyeka, akatupa panga chini kwa kicheko.

"Jamani! Mzee kamaliza ujana wake juu ya dungu akifukuza nguruwe wasile mpunga, leo mmemlaza naye!"

Wote wakacheka, isipokuwa shangazi. Nikamweleza kwa fahari habari za bwana mkubwa.

"Kwa hiyo bibi yangu alizaa nje?" akauliza.

Nikamtolea kile kijiko mfukoni.

"Kijiko hicho babu yangu alikiiba. Wajerumani walimkamata abebe mizigo yao, akatoroka, akavuka mto nacho kiunoni. Huyo ndiye aliyemzaa baba yangu. Wewe wako katafute Ujerumani."

Kumbe! Mtoro kama mimi, mtu niliyefanana naye kuliko wote, ndiye niliyemfuta nikaweka mzungu!

Nimesugua kaburi kwa mchanga wiki nzima. Buluu imetoka. Nguruwe bado anaonekana, mshenzi yule!

Shangazi bado ananipa chakula, lakini anakiweka mezani bila neno, kama kwa mpangaji. Wewe unayechimba asili yako kwenye simu, mzee wako akiwa hai hapo uani, inuka ukamuulize yeye. Usichelewe kama mimi.

Leo asubuhi nimepiga magoti kabisa.

"Shikamoo, shangazi."

Akaendelea kupepeta mchele.

"Shikamoo ya nini? Kwenu hawaamkiani hivyo."