Nilivaa Nguo ya Askari ya Wakati ya Babeleji

Bandugu, kosa ni yangu. Hakuna mutu alinisukuma. Ninaambia ninyi juu bibi yangu wa ndoa hataki tena kusikia hii habari.

Niko mushonaji hapa Butembo. Kanisa yetu ya Protestanti ilikuwa inatayarisha teatre juu ya bababu benye walipigana vita wakati ya utawala ya Babeleji. Wakaniomba nguo ya askari mumoja. Tulipanga kuicheza mu muji ya Beni.

Nikafuata picha ya babu ya bibi yangu: kaki nzito, kola ya kusimama, vifungo vya shaba, hata mifuko ya ndani yenye hakuna mutu ataona. Ilikuwa nguo ya askari wa chini kabisa, mais nilikuwa nimeipiga pasi.

Siku ya safari, bibi yangu akasema: "Baba, weka nguo mu sac."

"Itakunjamana," nikamujibu. Uongo. Nilitaka batu banione, nikaivaa.

Ku bariere, pale baaskari balifunga barabara na kamba, askari kijana akanipigia saluti. "Mon colonel, pita."

Nilipashwa kumurekebisha. Nikasema: "Vizuri. Endelea na kazi."

Muzee mumoja Muislamu, mwenye kamyo yake ya muzigo ilizuiwa pale, akanikimbilia. "Mukubwa, vitunguu yangu inaoza!" Nikanyoosha kidole. Kamba ikashuka. Donc na miye nikaanza kuamini.

Beni, mbele ya kanisa, mama mumoja akanishika mukono. Kijana yake alipotea ku barabara ya Eringeti, akienda shamba.

"Mukubwa, mutamurudisha?"

"Mama, tunafuatilia. Hali iko chini ya controle."

Hakuna mutu alishangaa. Ni jibu yenye bamezoea. Kama kulikuwa mwenye mashaka, hapo yakaisha.

Kumbe yule askari wa bariere alipiga simu kuuliza ni colonel gani anakuja. Baaskari ba kweli bakanikamata. Komanda wao akanifokea sana, akaninyang'anya nguo. Kisha akaipima ku kifua yake.

"Unaweza kuniongezea hapa? Na vifungo, uweke mingi."

Akaniachilia na singlet ya ndani tu. Teatre ikachezwa askari wetu amevaa koti ya mulinzi wa kanisa.

Kesho yake pasta akanipeleka kwa yule mama. Tulimukuta anaanika blanketi ya kijana yake.

"Mama, miye ni mushonaji tu."

Akaniangalia. "Donc ulisema bure?"

"Bure, mama."

Hakunitukana. Akaanua blanketi, ikali bado inatiririka maji, akaingia nayo ndani.

Bashonaji wenzangu, shoneni vile munapenda. Mais mama akikuuliza habari ya mutoto yake, na hujui, sema hujui. Hata kama hiyo nguo ya askari ni yako ya kweli.