Chuchu Mbili za Ndama

"Ayeeyo, nipe viatu vyangu!"

"Vimechukuliwa na fisi."

"Fisi saa saba mchana, katikati ya Garissa?"

"Fisi wa siku hizi hawaogopi jua. Huyu alikuwa amevaa miwani."

Mjukuu wangu Iftin hakucheka. Zamani angecheka mpaka ashike mbavu. Yeye ni muuguzi wa wodi ya uzazi, na tangu wenzake wawili wahamishwe, hakuletwa mwingine. Asubuhi ile alikuwa ametoka zamu ya usiku, akalala kidogo kama kuku juu ya kamba, na sasa alitaka kurudi kumshikia mtu zamu ya mchana. Viatu nilikuwa nimevikalia. Na mimi nikikaa, wallahi, hata trekta halinitoi.

"Basi nitakwenda na ndala."

"Nenda. Lakini kwanza niambie ulimfanya nini yule binti aliyetoka Tarbaj."

Jirani yetu Kowsar alikuwa wodini akimwuguza dada yake, akaona yote. Binti huyo alikuja kuzaa mtoto wa kwanza, uchungu ukamzidi, akamshika Iftin mkono. Iftin akauchomoa. "Nyamaza, wewe si wa kwanza kuzaa!" Iftin huyu, aliyekuwa akiwafuta jasho akina mama na kuwaimbia buraanbur, nyimbo zetu za wanawake, mpaka watoto wanatoka mbio waje kusikiliza.

Akakaa mkekani. "Nilimsikia akilia, Ayeeyo, lakini haikunigusa. Ilikuwa kama redio ya jirani. Hilo ndilo linaloniogopesha."

Nikamsogelea, viatu nikivikokota chini yangu.

"Kule Griftu, nilipokuwa msichana, baba yangu alikuwa na ngamia jike mwenye maziwa mengi mpaka mvua inaona haya kunyesha. Desturi unaijua: chuchu mbili tunakamua, mbili tunazifunga kamba, ni za ndama. Mwaka mmoja wakaja wageni wengi. Dada yangu Raho akaona aibu wakose. Akafungua kamba, akakamua zote nne, asubuhi na jioni. Wageni wakamsifu: Raho mkarimu, Raho mkono wazi! Ndama akadhoofu, akafa. Ngamia akamtazama Raho, akafunga maziwa, hata tone. Tukamwimbia, sheikh akamsomea dua. Akageuza shingo akatazama Ethiopia msimu mzima."

"Uongo huo."

"Ethiopia ni chumvi. Mengine ni kweli."

Akataka kutabasamu, mdomo ukakataa. "Mbona mwenzangu wa wodini, Zilpah, ana zamu zilezile na hajawa hivi?"

"Zilpah anachoka pia. Lakini Jumapili anazima simu, anakwenda kuimba kwaya mpaka mbuzi wa Kowsar wanaitikia. Akiombwa zamu asiyoiweza, anacheka, anakataa, halafu analala usingizi wake. Amezifunga zake mbili. Wewe umejiacha ukamuliwe zote, sasa unashangaa umekauka."

"Nikikataa, akina mama watabaki na nani?"

"Na wakibaki na wewe ulivyo leo, wamebaki na nani?"

Swali lilitoka kali kuliko nilivyotaka. Machozi yakamtoka, naye hakuyafuta. Nikakivuta kichwa chake nikakilaza pajani. Nywele zilinuka dawa ya kusafishia sakafu. Nikawa namkuna utosini kama alipokuwa mdogo, homa ikimshika.

"Ayeeyo."

"Naam, mama."

"Yule ngamia, maziwa yake yalirudi?"

Mimi nina uongo wa kila kitu. Nina uongo wa fisi, wa majini, wa marehemu babu yake aliyemkimbiza simba kwa kanzu. Hapo nilitafuta, nikakosa. Yalirudi, ndiyo, lakini ilibidi kwanza aachwe apumzike, apate ndama mwingine. Nikafungua kinywa nimwambie hivyo.

Pazia likafunguka. Zilpah akaingia na sare yake ya kazi, jasho usoni.

"Hodi, Bibi, samahani. Iftin, tuktuk iko nje, tumeshachelewa."

Iftin hakuinua kichwa pajani mwangu.

"Zilpah," akasema, "leo siji."