Njahi za Kuzikwa

Mama mkwe wangu alinipa shamba kama mtu anavyokupa nguo iliyoraruka: chukua, ukiweza kuishona ni yako. Lilikuwa robo eka nyuma ya nyumba yake, mashariki ya Thika, na alikuwa amelilima mahindi tangu aolewe. Udongo ulikuwa umechoka kabisa. Ulikuwa na rangi ya majivu, na jembe likiupiga lilikurudia mkononi.

"Wewe ni mtu wa magharibi," aliniambia. "Nyinyi mnajua mahindi. Jaribu."

Ni kweli nilizaliwa magharibi, lakini kwa miaka mingi nimeishi mtaa wa Kiuu kwenye nyumba ya kupanga, nikishona mashati katika kiwanda kimoja huko Ruiru. Kilimo changu chote kilikuwa ndoo mbili za sukuma wiki kwenye ngazi. Hata hivyo nilisema asante kwa pupa mpaka mume wangu akanikanyaga mguu.

Wiki hizo nilikuwa nimehudhuria mafunzo ya siku moja ya kilimo hai. Mwalimu, bwana mwembamba aliyevaa gambuti siku ya jua kali, alituambia tupande mimea ya jamii ya kunde, ile ambayo ng'ombe hula. Mizizi yake, alisema, hushirikiana na vijidudu kuvuta naitrojeni kutoka hewani na kuirutubisha ardhi. Ikianza kutoa maua unaikata, sehemu unampa ng'ombe, sehemu unafukia udongoni ioze. Nilirudi nyumbani kama mtu aliyeokoka jana.

Nilichagua njahi, yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe, kwa sababu mbegu zake ziko sokoni Thika kila siku. Mama mkwe alifurahi mno. Kwao njahi ni chakula cha mama aliyejifungua na cha wageni wa heshima. Tulipanda pamoja, mstari kwa mstari, yeye akiimba nyimbo za kanisa. Habari ya kufukia sikumwambia. Nilikusudia kumwambia. Kila Jumamosi nilikusudia.

Jumapili moja asubuhi, njahi zikiwa zimenifika magotini, nilichimbua mche mmoja polepole. Mizizi ilikuwa imejaa vifundo vidogo kama shanga. Nilipasua kimoja kwa ukucha, na ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Mwalimu alikuwa ametuambia, ukiona wekundu, jua kazi inaendelea. Nilipiga vigelegele peke yangu pale shambani. Kisha nikaufunga mche kwa gazeti, nikautia kwenye mkoba, nikakimbia kanisani.

Mama mkwe alikuwa nje ya mlango na akina mama wenzake, wamevaa sare na vitambaa vyeupe kichwani. Nilifungua mkoba.

"Haiya!" akasema. "Hii ni ugonjwa! Mizizi ya kahawa yetu ilivimba hivi, halafu ikakauka yote."

"Si ugonjwa, Mama. Angalia, vinang'oka kwa kidole tu. Na ndani ni vyekundu."

"Viko na damu?"

"Kama damu."

Akashika kimoja kwa ncha za vidole, akakipasua. Akaomba kingine. Alipasua saba, wenzake wakimwinamia kichwani, na tuliingia ibadani kucha zetu zote zikiwa na udongo. Nilimwona akizificha chini ya kitabu cha nyimbo, mabega yakitetemeka kwa kicheko.

Maua ya zambarau yalipoanza kutokea, sikuwa na njia tena. Nilimwambia.

"Unataka kuzika njahi," akasema taratibu.

"Si zote, Mama."

"Zikiwa hai."

"Zinaenda kulisha udongo..."

"Ngai!" Akaingia katikati ya mistari, akaketi chini, akanyoosha miguu. "Basi anza na mimi. Nizike kwanza, halafu uzike njahi."

Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba tangi la maji linavuja, akatoweka. Mimi nilishikwa na kicheko kile cha woga, kile kinachokuja ukiwa mazishini. Mama mkwe alinikazia macho. Siku hiyo sikukata hata jani.

Jumamosi iliyofuata nilikuta mstari mzima umekatwa. Haukung'olewa: ulikatwa vizuri kwa panga, vikabaki visiki vya urefu wa kiganja.

"Wezi!" mama mkwe akasema. "Siku hizi hawana aibu."

Wiki iliyofuata ikawa mistari miwili. Wakati huo nilikuwa nimekasirika hasa. Niliomba ruhusa kiwandani siku ya Jumatano, nikafika saa nne asubuhi bila kupiga simu, nikapitia nyuma ya zizi la ng'ombe wake.

Nikakutana na mzigo wa njahi unatembea. Chini yake kulikuwa na mama mkwe, ameinama, mkanda wa mzigo ukipita kwenye paji la uso, maua ya zambarau yakicheza kwenye masikio yake kama mapambo ya bibi harusi. Tulisimama, hatua tatu kati yetu.

"Shikamoo, Mama," nikasema. Salamu hiyo hatuitumii kamwe kwetu. Sijui ilitoka wapi.

Akainua uso chini ya mzigo. "Nimeshika mwizi," akasema.

Tulicheka mpaka mzigo ukaanguka, nasi tukaanguka juu yake. Kila mmoja alipojaribu kusema neno, mwingine alianza upya. Ng'ombe alitoa kichwa zizini kuona kuna nini.

Alipopata pumzi alinieleza. Ng'ombe alikuwa amevunja uzio akaonja njahi, na jioni maziwa yakapita mahali ambapo huishia kwenye ndoo. Kesho yake Mama akamkatia kidogo tu. Kisha kidogo tena.

"Kwa hivyo kuzika ni vibaya, lakini kumpa ng'ombe ni sawa?"

"Ng'ombe anakula. Chakula kikiliwa hakijatupwa."

"Na samadi yake?"

"Hiyo tutazika pamoja mpaka mgongo ukatike."

Basi tukakubaliana papo hapo, tukiwa bado tumeketi juu ya mzigo. Mistari michache ya kando ingeachwa ikomae kwa ajili ya sufuria. Iliyobaki tungemkatia ng'ombe kidogo kidogo, tukiichanganya na mabua makavu ili tumbo lisimvimbe. Mizizi ingebaki ardhini, na samadi yote ingerudi pale pale.

Mvua za masika zilipokaribia, nilipiga jembe likazama lote, nikakaribia kulifuata. Nilipovuta, udongo ulikuja mweusi, wenye harufu, na minyoo miwili imejikunja ndani. Tukapanda mahindi bila gunia la mbolea ya dukani.

Miezi michache baadaye simu yangu ililia kiwandani wakati wa chai.

"Kuja," mama mkwe akasema.

"Kuna nini, Mama?"

"Mahindi."

"Yamefanya nini?"

"Wewe kuja tu!" Alikuwa akipaza sauti hivi kwamba safu nzima ya mafundi ilisikia, nao wakaanza kunipigia makofi bila kujua ni ya nini.

Jumamosi tulichemsha mahindi mabichi ya kwanza. Hatukungoja hata sahani. Tuliyala tukiwa tumesimama shambani, yakituunguza vidole, mimi na yeye, midomo imejaa, tukicheka.