Mbele ya Gari la Baba

Ujanani baba alipelekwa masomoni nchi ya baridi, akafunzwa kuendesha gari la kijeshi la minyororo, lile linalobeba kombora refu mgongoni na kulisimamisha tayari kurushwa. Hakurusha hata moja. Alichorudi nacho ni kanuni: dereva wa dude lile haoni kilicho mbele ya pua yake, wala hasikii kitu, kwa hiyo hasogei mpaka mtu atangulie kwa miguu na kumwongoza kwa mikono.

Nyumbani kwetu Bawshar gari lake lilikuwa dogo tu, jeupe, la kiraia, lakini kanuni ilibaki ile ile. Kila asubuhi mama alitoka getini kinyumenyume na abaya yake, mikono juu, akiliita gari kwa vidole mpaka barabara kuu, ndipo akapanda. Kwenye maegesho ya maduka ndiko kulikuwa na balaa, honi nyuma, mama mbele, na mimi nimejikunja chini ya kiti kwa aibu. Siku moja polisi kijana alikuja kuuliza kulikoni. Baba alimweleza taratibu kwa Kiarabu safi, na wallahi, punde polisi ndiye aliyekuwa akirudi kinyumenyume mbele yetu, mama amekaa ndani anajipepea.

Baba alipoanza kusahau, nilizitaka funguo. Alishapotea akitafuta msikiti wa mtaani kwetu, na niliogopa ataua mtoto wa watu. Mama aligoma.

"Haondoki bila ya mimi," alisema. "Mie nnamjua."

Nilimwambia anamdekeza, nikazichukua kwa nguvu, nikazificha kwangu.

Mwaka huu baba hamjui tena hata mmoja wetu. Juzi aligoma kuinuka kitandani kwenda kuoga. Nilimbembeleza, nikamvuta, nikakasirika, mwisho nikalia. Mama akaingia, akasimama mbele yake, akanyanyua mikono, akamwita kwa vidole.

Baba akainuka. Akamfuata ukumbini polepole, macho kwenye ile mikono, akikata kona kwa mapana kama ana kombora mgongoni. Mlangoni mwa bafu, nilipotangulia kusimama, mama akakutanisha mikono juu ya kichwa, naye akasimama.

Akanitazama, akamuuliza mama, "Huyu nani, kaziba njia?"

Lakini baba hakumuuliza mama yeye ni nani. Nilimwonea mama wivu, nikapisha.