Siku Steringi Alipokufa Tandika

Siku ya kwanza kazini nilifika na mtoto mgongoni. Mwenye Banda akamtazama mtoto kabla hajanitazama mie. "Hapa ni kibanda umiza, mama, si kliniki." Nikamjibu kwamba mtoto haombi kazi, naomba mie. Akacheka, akanipa ufagio. Ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya picha, na nawaandikia nyie mabinti mnaotafsiri picha kwenye simu mkiwa mmejilaza kitandani, mjue sie tulifanyaje. Na asitokee mtu wa kuniuliza nina umri gani wa kusimulia kumbukumbu. Nimefanya kazi, nimestaafu, nasimulia.

Banda letu la kuonyesha picha pale Tandika lilikuwa mabati juu, mabenchi chini, televisheni kubwa mbele. Pembeni alikaa Mtafsiri Mkuu na maiki yake. Picha ikiongea Kiingereza, yeye anaizamisha, yaani anaipunguza sauti ibaki kama watu wanaoongea chumba cha pili, halafu anaweka Kiswahili juu yake. Alikuwa fundi, simnyimi haki yake. Picha za ngumi alikuwa anazitafsiri mpaka mabenchi yanahama. Tatizo lake hasikilizi. Watu wakisalimiana tu kwenye picha, yeye anasema, "Leo utanitambua!" Na alikuwa na sheria aliyoikuta kwa waliomtangulia: steringi hafi. Steringi, yaani shujaa wa picha, ndiye mtu wetu, ndiye tuliyemfuata pale. Akipigwa risasi akafa kweli, Mtafsiri Mkuu anatangaza kwamba amezimia, anazima mashine hapohapo, watu wanakwenda zao na amani.

Kutoka kwenye ufagio nikapanda cheo, nikawa wa kuchagua picha. Ndani ya maboksi nikakuta DVD za zamani za Hollywood, zile zisizo na rangi, vumbi limezijaa. Mabraza waliojaa bandani waliziitaga picha za mazishi. Nikazibeba nyumbani, nikawa naziangalia huku nanyonyesha. Jamani! Mwanamke anaingia mlangoni, kofia imemfunika jicho moja, hajasema neno, na wewe umeshajua huyu ana jambo lake. Taa wanaiweka shavuni mpaka chozi linang'aa kabla halijadondoka. Halafu maneno! Mke na mume wanachambana harakaharaka, utadhani majirani zangu wa uani wamevalishwa suti. Nilicheka mpaka mtoto akaacha ziwa kunishangaa.

Hapo ndipo hasira zikanipanda. Vitu vitamu hivi vimefukiwa kwenye boksi, eti wanawake hawaji bandani, eti wateja wanataka damu. Hao wanawake nani aliwauliza? Nikamfuata Mwenye Banda.

"Bosi, nipe Jumapili mchana, saa ile banda liko tupu. Naweka picha za zamani, natafsiri mwenyewe."

"Wewe?"

"Kwani maiki ina ndevu?"

Mtafsiri Mkuu akacheka kwa pua. Mwenye Banda akakuna shingo. "Haya. Ila wakitoka kabla ya mwisho, Jumapili inarudi kwa ngumi, na wewe unarudi nyumbani na mwanao."

Nikapita saluni, gengeni, uani kwa watu, nikiita. Wakaja kina mama na kanga zao na watoto wao. Bi Mwanaidi muuza vitumbua, ambaye mtaa mzima unampa shikamoo, akakaa benchi la mbele kama mgeni rasmi. Nilichagua picha ya dereva wa treni aliyempenda mwalimu mjane. Picha nzima hamwambii. Karibu na mwisho anaumia akiizuia treni isipinduke, analazwa hospitali, mjane anakuja kumshika mkono.

Nilikuwa naijua picha ile kama chumba changu. Nilijua anakufa. Mtafsiri Mkuu naye alishaiona hatari, akainama sikioni kwangu, kidole kiko kwenye kitufe.

"Kazimia! Sema kazimia, nizime."

"Toa mkono."

"Watavunja mabenchi, we mtoto wa kike! Utafukuzwa!"

Nikausukuma mkono wake. Niliwaza kufukuzwa, siwadanganyi, na mwanangu alikuwa amelala mgongoni hana habari. Lakini nimewaita wanawake wazima, niwadanganye kama watoto wanaofichwa msiba? Nikazamisha sauti, nikasema alichosema dereva, polepole kama yeye: "Kwani ulidhani treni ilikuwa inapunguza mwendo kwa nini, kila ikipita dirishani kwako?"

Mkono wa dereva ukalegea ndani ya mkono wa mjane. Nikasema, "Kafa."

 Mwenye Banda akasimama mlangoni.

"Kafa kweli?" akauliza Bi Mwanaidi.

"Kafa kweli, bibi."

"Haamki?"

"Haamki."

Akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, akageuka kunitazama. Nikajiandaa kutukanwa.

"Rudisha nyuma."

"Bibi?"

"Rudisha pale anaposhikwa mkono. Afe tena. Nilikuwa nampenga huyu mjukuu kamasi, sikumwona vizuri."

Banda likalipuka kwa kicheko, watu wanacheka na machozi yanawatoka. Nikarudisha. Akafa tena, wakalia upya, wakaniuliza Jumapili ijayo kuna nini. Mwenye Banda akarudi kukaa. Tangu siku ile Jumapili ikawa yetu, na Mtafsiri Mkuu mwenyewe akawa ananiuliza kila wiki, "Mama, safari hii unamuua nani?"

Nimestaafu kwa sababu simu zimeliua banda. Sasa hivi ni stoo ya vyakula vya kuku. Ninachowaachia nyie wa simu ni hiki: sikilizeni kwanza, ndipo mfungue mdomo, na steringi akifa msimfufue. Watu wana vifua vipana kuliko mnavyowadhania.

Juzi sokoni mwanamke muuza mchicha kanikamata mkono katikati ya mafungu yake. "Wewe! Si ndiwe uliyemuua dereva wa treni?"

"Ndimi."

"Na yule mjane, baadaye aliolewa?"

Nikamwambia picha iliishia palepale.

"Muongo," akasema, akaniongezea fungu la mchicha. "Wewe unajua. Niambie."