Aliyemuuguza Mama

Wifi yangu Jackie, mke wa kaka yangu Kamande, anaishi mtaa wa Section 58, na kwa miaka minne alimuuguza nyumbani kwake mama yangu aliyepooza upande mmoja. Watu humsifu. Hata mimi humsifu, shingo upande. Aliamka saa kumi na moja, akafua, akapika uji mwepesi, akamgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili, wala hakujitangaza. Mtu asiye na makuu huwezi kugombana naye, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote.

Mimi nauza mahindi Rongai. Nilikuja kila Jumapili mchana, nikamkuta mama ameshasukwa nywele na kupakwa mafuta, sina hata cha kufanya. Halafu kuna jambo la jina. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Kwa hiyo binti wa Jackie ndiye Wanjugu, jina la mama yangu, na binti yangu wa pekee akachukua jina la mama mkwe wangu. Mama akawa anamwita Jackie "mama yangu," kwa utani wa desturi, maana ndiye aliyemzaa Wanjugu mwenzake. Wengine walicheka. Mimi nilihesabu ni mara ngapi.

Mama alifariki mwezi wa tatu. Mwezi wa sita, siku niliyokuwa nimepita kwa Jackie, akaja msichana mpole, Prachi, mtafiti wa chuo kikuu, aliyetaka kujua watu waliouguza mgonjwa nyumbani hubaki na nini baada ya mazishi, na wangesaidiwa vipi. Alisema anahitaji kuzungumza na mtu mmoja tu, yule aliyemuuguza marehemu. Jackie alikuwa jikoni. Nikawahi kujibu.

"Ni mimi. Mimi ndiye mtoto wake."

Jackie alikuwa anaingia na chai, akasikia. Alimimina, akaketi karibu na mlango.

Prachi aliuliza mama alipenda kulazwa vipi. Nikasema kwa ubavu wa kulia. Ndio uliokuwa umepooza, lakini nilikumbuka nikiwa nimeshasema, na Prachi alikuwa ameshaandika. Kisha akauliza ni wakati gani unaoniuma zaidi siku hizi. Hapo sikudanganya: Jumapili mchana, kwa sababu sina pa kwenda. Nikaanza kulia, na katikati ya kilio nikamwambia kwamba mama alijipatia mtoto mwingine, akanisahau.

Jackie aliweka kikombe chini.

"Winrose, hakukusahau. Ile miezi ya mwisho alikuwa ananiita jina lako. Nikimwambia mimi ni Jackie, analia, so nikaanza kuitika. Mimi namuosha, mimi namlisha, asante inaenda kwako. Hata ile ya mwisho." Alijifuta macho kwa kiganja. "Nilikuwa nakuonea wivu sana."

Niliinuka, nikamwambia Prachi achukue karatasi nyingine, aanze upya na Jackie. Nikaenda jikoni kuosha sufuria. Kutoka kule nilimsikia Jackie akieleza mambo ya mama yangu ambayo sikuwahi kuyajua, moja baada ya jingine, kwa sauti ya chini, na kwa kila moja nilimwonea wivu.