Mluzi Sikioni mwa Mama

Kazini walimwita Bi Ndoto, na msidhani ni jina la kumpamba. Ukipita mezani kwake utamkuta ameshika kikombe cha chai iliyopoa zamani, macho yako dirishani, mdomo wazi kidogo, na ukimsalimu anakuitikia ukiwa umeshafika mlangoni. Basi mwanamke huyohuyo ndiye aliyeandika programu inayokaa ndani ya vifaa vya kusikia, vile vidude vidogo vya kuvaa nyuma ya sikio. Na mtu wa kwanza kuvalishwa kila kidude kipya alikuwa mama yake mzazi.

Masikio ya mama yalififia polepole, na kadiri yalivyofifia ndivyo sauti yake ilivyopanda. Akiomba chumvi mezani, jirani angeweza kumletea. Watoto na wajukuu walimwacha apige kelele, wala hakuna aliyethubutu kumwambia. Bi Ndoto hata hakukumbuka tena mama alivyokuwa akiongea zamani. Mara nyingine, kikombe mkononi, aliitafuta sauti ile ya zamani kule dirishani, lakini wapi.

Sasa kidude kipya kilikuwa na ugonjwa: kilipiga mluzi. Kitambaa cha kichwa kikigusa sikio tu, fiii! Mama anaruka kitini kama aliyeumwa na siafu. Dawa ilikuwa kubadilisha namba moja kwenye programu, kumwuliza mama, kubadilisha tena. Kazi rahisi hiyo? Thubutu! Namba yenyewe ilikaa ndani ya faili walilolibatiza Jamvi.

Ngojeni niwaeleze hili Jamvi, maana ndilo lililoleta balaa. Programu kubwa huandikwa vipande vipande, na kila kipande kina kifaili chake kidogo, heda, kinachowaambia wenzake, "Mimi ninacho hiki na hiki." Anayekihitaji anakitaja juu kabisa ya faili lake. Ni utaratibu mzuri, mradi watu wana adabu. Lakini fundi aliyemtangulia Bi Ndoto, ambaye alishastaafu raha mustarehe, alichoka kutaja moja moja. Akatengeneza heda moja inayozitaja zote na kubeba kila kitu, ndilo hilo Jamvi, na kila aliyekuja baada yake akakaa hapohapo. Ukigusa namba moja ndani ya Jamvi, kompyuta inaona dunia nzima imebadilika, inaanza kujenga programu yote upya, kuanzia betri mpaka kile kitaa, taa ndogo ya kumetameta pembeni mwa kidude.

Ndiyo maana jaribio la kwanza na mama liliharibika. Mama alikaa kitini ameelekea ukutani. Bi Ndoto akasimama nyuma yake, kwa kuwa mama alikuwa hodari wa kusoma midomo na angewapiga chenga wote. Akabadilisha namba. Wakangoja, wakangoja. Mama akasinzia. Kompyuta ilipomaliza, akamgusa bega na kumsemesha kwa nguvu sikioni.

"Mama, hii ni bora kuliko ile?"

"Ile ipi?" mama akanguruma, macho mazito kwa usingizi.

Wakarudia, wakarudia, mpaka mama akavua kidude na kukiweka mezani taratibu. "Nitakuja mara moja tu tena, kwa ajili yako," alisema, na ofisi nzima ikasikia. "Kikikataa, kifungie kabatini. Mimi nimeshazoea."

Nimeshazoea! Neno hilo lilimchoma Bi Ndoto. Akalia palepale nyuma ya kiti, kwa kwikwi kabisa, na mama akaendelea kufunga kitambaa chake huku akiulizia mkoba, asisikie lolote.

Kesho yake akaanza kulifumua Jamvi. Bosi akaja juu. "Unachokonoa nini huko? Programu inafanya kazi!"

"Inafanya kazi kwa asiye na haraka, bosi."

Bosi akaguna akaenda zake, na afadhali alivyokwenda. Bi Ndoto akawa anachukua faili moja moja na kuliuliza, wewe unahitaji nini hasa? Lo, kumbe ni nyumba ya wadoezi! Anafuta mstari kwenye heda ya betri, kitaa kinapiga yowe, maana siku zote kilikuwa kinakula kwa mgongo wa betri bila kuomba chake. Hayo aliyamaliza kwa subira. Fundo la mwisho ndilo lililomshinda: heda ya sauti inaitaja betri, betri inakitaja kitufe cha kuwashia, na kitufe kinaitaja sauti. Unazunguka na kurudi ulikotoka.

Alasiri moja mvua ilikuwa inateleza kiooni, naye akawa anasinzia na hasinzii. Akajiona katika nyumba ya utotoni. Ili afike jikoni lazima apite chumbani, ili afike chumbani apite uani, na mlango wa uani uko jikoni. Mama anamwita mahali fulani. Sauti haisikiki, anajua tu kwamba anaitwa. Kisha akamwona mama, kijana bado, amesimama dirishani kwa jirani. Hakuingia wala hakuvua viatu. Alitaja jina la mwenye nyumba tu, akakabidhiwa sufuria yake, akaondoka.

Bi Ndoto akashtuka, chai ikamwagika mapajani. Kitufe kina shida gani na yaliyomo ndani ya sauti? Kinapokea na kupitisha tu! Kwake inatosha kujua kwamba yupo mtu anaitwa hivyo. Akafuta mstari ule wa kuitaja sauti, akaandika jina tupu mahali pake, na fundo likaachia. Namba ya mluzi akaipa heda yake yenyewe, ndogo, inayotajwa na faili moja tu. Akaijaribu, akanyanyuka kwa mazoea kwenda kuchemsha chai, na kabla hajafika mlangoni kompyuta imemaliza. Akabaki amesimama na kikombe.

Mama akaja, amekunja uso, akakaa kuelekea ukutani.

"Hii?"

"Mluzi!"

"Na hii?"

"Mluzi umepungua, lakini wewe uko mbali."

"Na hii je?"

 Mama akavuta kitambaa juu ya sikio, akakiachia, akakivuta tena. Mluzi hakuna. Nje mvua ilikuwa bado inanyesha, naye akainamisha kichwa kidogo upande wa dirisha, akakaa hivyo kitambo.

Bi Ndoto akaziba mdomo kwa kiganja. Machozi yalikuwa yanamtoka, naye hakuwa na wasiwasi, kwani nyuma ya kiti kile alishalia kabla na hakuna aliyejua.

"Nani kakuudhi, mwanangu?" mama aliuliza bila kugeuka, kwa sauti ya chini, laini, yenye mkwaruzo kidogo, na Bi Ndoto akaitambua mara moja.